Nukta Isiyosogea

Kwenye kioo cha mbele cha ndege inayokaribia kutua, kila kitu kinatembea isipokuwa kimoja. Miti inakimbilia chini ya pua ya ndege, mapaa ya nyumba yanapanuka kisha yanateleza pembeni, na lami iliyokuwa nyembamba kwa mbali inazidi kunenepa. Katikati ya msukosuko huo pana mahali pamoja, mbele kidogo ya pale njia ya kurukia inapoanza, palipotulia tuli. Hapo ndipo ndege inapokwenda. Mahali hapo pakianza kuteremka kwenye kioo, ndege iko juu mno na itapitiliza; pakianza kupanda, ndege iko chini na itagusa ardhi kabla ya wakati wake. Rubani anayetua kwa macho anailinda nukta hiyo isisogee, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye wenzo wa injini, kwa marekebisho madogo ambayo abiria wa nyuma hayahisi kamwe.

Katika ndege ndogo ziendazo mbugani, abiria mmoja wakati mwingine hupewa kiti cha mbele, kando ya rubani. Ukibahatika kukaa hapo, weka simu mfukoni utazame mikono. Rubani mchanga mikono yake haitulii: anavuta, anasukuma, anaongeza nguvu, anapunguza, kila kosa dogo analijibu kwa kosa jingine. Mzoefu anagusa na kuachia. Anaona nukta imeanza kushuka hata kabla haijashuka, anapunguza nguvu za injini kidogo, anangoja. Huko kungoja ndiko kunakochukua miaka kujifunza.

Nyuma ya utulivu huo pana hesabu. Mteremko wa kawaida wa kutua ni nyuzi 3, maana yake kwa kila maili ya baharini, yaani kilomita 1.85, ndege inashuka futi 300 hivi. Marubani wana kanuni ya kichwani: chukua mwendo wako juu ya ardhi, zidisha kwa tano, utapata futi za kushuka kwa dakika. Ukienda maili 120 za baharini kwa saa, shuka futi 600 kila dakika. Upepo wa mbele ukizidi, mwendo juu ya ardhi unapungua, na jawabu linabadilika. Hesabu hii haifanywi mara moja ikaisha; inafanywa upya kila sekunde chache, huku macho yakienda kwenye kipimo cha mwendokasi, yakirudi nje, yakienda kwenye kipimo cha mwinuko, yakirudi nje tena.

Kwenye viwanja vikubwa kuna msaada. Kando ya njia ya kurukia zimepangwa taa nne ziitwazo PAPI, zilizobuniwa mwaka 1974 na Tony Smith na David Johnson katika kituo cha utafiti wa ndege cha Bedford, Uingereza. Ukiwa kwenye mteremko sahihi unaona mbili nyeupe na mbili nyekundu. Nyeupe zikizidi umepanda. Nyekundu zote nne, uko chini kiasi cha hatari. Ni kifaa rahisi mno, hakina mshale wala namba, na nadhani hakuna taa duniani zilizookoa watu wengi kimyakimya kama hizi. Viwanja vikubwa vina pia mitambo ya redio inayomwongoza rubani hadi karibu na ardhi hata kama haoni kitu. Lakini nchi zetu zimejaa viwanja ambavyo havina mnara, havina redio ya kuongozea, wakati mwingine havina hata lami. Huko rubani hutua kwa macho kwa sababu njia nyingine haipo.

Anayetua kwenye kiwanja cha changarawe mbugani huanza kwa kukipitia kwanza, chini chini, bila kutua. Anafukuza ng'ombe, punda milia au mbuzi waliojilaza katikati. Anatazama kama mvua ya jana imeacha tope, kama mwisho ule wa mbali kuna shimo la mhanga. Kifuko cha upepo kikiwa kimechanika, na mara nyingi kimechanika, anausoma upepo kwa vitu vingine: moshi wa shamba linalochomwa, vumbi nyuma ya pikipiki, majani ya migomba yanayogeuza upande wao mweupe, mistari juu ya maji ya bwawa. Nahodha wa jahazi anayeingia Lamu angemwelewa rubani huyu bila mkalimani.

Kisha anapaswa kuyatilia shaka macho yake mwenyewe, na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Jicho la binadamu limezoea barabara za upana fulani. Likikutana na njia ya kurukia iliyo nyembamba kuliko kawaida, linamwambia mwenyewe kwamba yuko juu sana, naye akilitii anashuka chini kuliko inavyotakiwa. Njia inayopanda mlima inasema uongo huohuo. Maji matulivu au tambarare isiyo na mti wala nyumba husema vivyo hivyo, kwa kuwa jicho limekosa kitu cha kupimia kimo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa kampuni ya Boeing, Conrad Kraft, aliwaweka marubani wazoefu kwenye mtambo wa mazoezi, akawaonyesha taa za mji ng'ambo ya giza tupu, akawaambia watue kwa kutazama nje tu. Walishuka chini ya njia salama huku wakiamini wako sawasawa. Hawakuwa wazembe. Walikuwa wanaona vizuri kabisa, na walichokiona hakikuwa kweli.

Rubani mzuri wa viwanja vidogo amekwisha kuyajua madanganyo haya kwa majina ya viwanja. Anajua kwamba kwa fulani utajiona uko juu, usishuke. Kwa fulani utajiona unakwenda kasi, usipunguze. Ujuzi huu hauko kwenye ramani. Anaurithi kutoka kwa kapteni aliyekaa kushoto kwake alipokuwa msaidizi, naye ataurithisha hivyohivyo.

Sasa ongeza mvua.

Maji yanayotiririka kwenye kioo hupindisha mwanga na kumfanya rubani ajione yuko juu kuliko alipo. Utusitusi wa mvua unaifanya njia ya kurukia ionekane iko mbali kuliko ilipo. Ukungu wa ghafla unamfanya ahisi pua ya ndege inainuka, naye anaisukuma chini. Angalia jinsi madanganyo yote haya yanavyovuta upande mmoja: kila moja linaishusha ndege. Hakuna hata moja linalomwambia rubani apande. Kama yangegawanyika, nusu juu na nusu chini, hali mbaya ya hewa ingekuwa bahati nasibu tu, lakini hayagawanyiki.

Ziwa Victoria linaikusanya hatari hii mahali pamoja. Uso wa ziwa uko mita 1,135 hivi juu ya bahari. Usiku maji yanabaki na joto kuliko nchi kavu, hivyo upepo unavuma kutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa, hewa inapanda, na mawingu ya radi yanajengeka juu ya maji wakati watu wamelala. Kisha pepo za mashariki zinayasukuma kuelekea magharibi. Ndiyo sababu Bukoba, iliyoko ukingo wa magharibi, inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ndiyo sababu mvua zake nyingi zinapiga alfajiri na asubuhi, saa ambazo ndege ya kwanza kutoka Dar es Salaam inakuwa njiani. Kiwanja kiko ukingoni mwa ziwa, vilima nyuma ya mji, Kisiwa cha Musira mbele. Anayekuja kutokea upande wa maji anaiendea njia fupi, ya kilomita 1.5 hivi, juu ya uso usio na alama yoyote ya kupimia kimo. Siku ya jua ni moja ya sehemu nzuri za kutua nchini. Siku ya mvua, maji na mawingu huwa rangi moja.

Jumapili ya Novemba 6, 2022, asubuhi, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, safari namba 494, iliikaribia Bukoba katika hali hiyo ikaangukia ziwani, karibu kabisa na kiwanja. Ilikuwa na watu 43. Walikufa 19, marubani wote wawili wakiwamo, 24 waliokoka. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na jina la kijana Majaliwa Jackson likajulikana nchi nzima kwa namna alivyoingia majini kuwatoa watu. Sitajifanya naweza kukaa kwenye viti vya wale marubani. Nataka tu msomaji aelewe ugumu wa kazi waliyokuwa nayo mkononi, maana baada ya ajali kila mmoja wetu alikuwa rubani.

Sheria za kimataifa zinajaribu kuziba kwa namba pengo hili kati ya jicho na ukweli. Anayeruka kwa macho katika anga inayoongozwa, chini ya futi 10,000, anatakiwa kuona umbali wa kilomita 5 angalau, akae mita 1,500 kando ya wingu na futi 1,000 juu au chini yake. Kilomita 5 zinaonekana nyingi ukiwa kwenye baraza. Kwa ndege ya ukubwa wa ATR inayokwenda kutua, ni kama dakika moja na nusu. Katika dakika na nusu hiyo rubani lazima akione kiwanja, ajipange nacho, akamilishe mteremko na aamue. Na mvua haitoi taarifa kwamba sasa imepunguza kilomita 5 kuwa 2. Inapunguza taratibu, pazia baada ya pazia, na mtu aliyekuwa anaona vizuri dakika iliyopita anaendelea kuamini kwamba bado anaona.

Kishawishi chenyewe kina sura ya kawaida sana. Wingu limeshuka kidogo, nawe shuka kidogo ubaki chini yake. Limeshuka tena. Kuna tundu kule mbele, mwanga unapita, kiwanja kiko palepale nyuma ya mvua hii. Kila hatua peke yake ni ndogo na ina maana. Ukizijumlisha, unajikuta futi 300 juu ya ardhi usiyoiona, wingu limekaa kwenye paa la ndege.

Anayeingia wingu bila kujiandaa hana muda mrefu. Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwachukua marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vyombo, wakawaziba macho kwa miwani maalumu hewani ili iwe kana kwamba wameingia kwenye wingu. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Wastani wa muda ulikuwa sekunde 178. Chanzo kiko ndani ya sikio, kwenye vijifereji vyenye majimaji vinavyotuambia tumekaa wima au tumelala. Ndege ikiinama taratibu upande mmoja, majimaji yale yanazoea, na mwili unaapa kwamba uko wima. Ukiinyoosha ndege, mwili unapiga kelele kwamba umeanguka upande wa pili.

Utafiti ule unasimuliwa sana kwa ajili ya zile sekunde, na nusu yake bora inasahaulika. Watafiti hawakuwa wanataka kuwatisha watu. Walikuwa wanatafuta njia ya kuwafundisha kutoka. Waliwafunza marubani walewale jambo moja jepesi: tulia, punguza mwendo, usiamini makalio yako wala masikio, tazama sindano ya kugeukia, geuza ndege nusu mduara polepole urudi ulikotoka, ambako hewa ilikuwa safi. Baada ya mafunzo hayo karibu kila jaribio lilifanikiwa. Ninaupenda utafiti huu kuliko mwingine wowote wa usafiri wa anga, kwa sababu uliichukua hatua ya kurudi nyuma ukaipa heshima ya kuwa somo, lenye hatua zake na mazoezi yake.

Wenye viwanja vigumu duniani walifika palepale kwa njia yao. Kai Tak, kiwanja cha zamani cha Hong Kong kilichofungwa Julai 1998, kilikuwa na kilima kilichopakwa rangi miraba miraba. Rubani alilenga kilima kile, ndege nzima ya Boeing 747 ikielekea mlimani, kisha akageuza kulia nyuzi 47 kwa macho, chini chini juu ya magorofa ya Kowloon, akanyoosha mabawa muda mfupi kabla ya magurudumu kugusa. Watu walikwenda kupiga picha maonyesho yale. Kilichonivutia mimi ni kanuni isiyopigwa picha: ukifika kwenye kimo kilichowekwa na hujaiona ile miraba, hugeuzi kulia kwa kubahatisha. Unapaa.

Lukla, Nepal, hakuna hata nafasi hiyo. Njia yake ya kurukia ina mita 527 tu, inapanda kwa mwinuko wa asilimia 11.7, na mwishoni kuna ukuta wa mlima. Ukishakaribia huwezi kupaa tena. Basi marubani wa pale wameusogeza uamuzi nyuma kabisa, bondeni, ambapo bado kuna nafasi ya kugeuza. Wanaruka asubuhi, kabla upepo na mawingu ya mchana havijapanda, na siku nyingine hawaruki kabisa. Oktoba 8, 2008, ndege ndogo aina ya Twin Otter iliendelea mbele ukungu ulipofunga, ikagonga mteremko kabla tu ya kiwanja. Watu 18 walikufa. Aliyepona ni kapteni peke yake.

Kupaa tena baada ya kughairi kutua si jambo la kuvuta usukani tu. Ndege iko polepole, iko chini, imejipanga kwa ajili ya ardhi: magurudumu nje, mabawa yamekunjuliwa kwa ajili ya mwendo mdogo. Rubani anasukuma wenzo wa injini mpaka mbele na kuinua pua kwa kiasi kilichopimwa, si zaidi. Mwenzake anapunguza mkunjuo wa mabawa hatua moja. Wanahakikisha kipimo cha mwinuko kinapanda kweli, ndipo magurudumu yanaingia. Redio inangoja. Na katikati ya haya sikio linaanza uongo wake tena, kwa sababu ndege inapoongeza kasi ghafla mwili unahisi pua imeinuka kupita kiasi. Agosti 23, 2000, usiku, ndege ya Gulf Air aina ya Airbus A320 kutoka Cairo ilighairi kutua Bahrain ikapaa kuelekea gizani juu ya bahari. Pua ikasukumwa chini, ndege ikaingia majini. Walikufa wote 143. Hivyo anayepaa tena anaacha kutazama nje na kuhamia kwenye vyombo papo hapo, nguvu zote za injini zikinguruma masikioni. Marubani hulifanyia mazoezi jambo hili kwenye mtambo mara nyingi kuliko wanavyolifanya maishani.

Wataalamu wengi wanataka ndege inayotua kwa macho iwe imetulia kabisa ifikapo futi 500 juu ya ardhi: mwendo sahihi, mteremko sahihi, magurudumu nje, hakuna kugeuza kukubwa kulikobaki. Kutoka hapo mpaka chini ni sekunde 50 hivi. Isipotulia, ipae. Hata hivyo, taasisi ya Flight Safety Foundation ilipochunguza suala hili ilikuta kwamba katika kila safari 100 ambazo ndege haikutulia ilivyotakiwa, ni 3 hivi tu rubani alighairi. Nyingine zote ziliendelea kutua, na karibu zote zilitua salama. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Mtu aliyebahatika mara nyingi huanza kuihesabu bahati yake kama ustadi, na hakuna anayemwambia vinginevyo kwa sababu abiria wameshuka, mizigo imeshuka, na kitabu cha safari kinaonyesha kwamba ilifika kwa wakati.

Zipo dawa za mitambo. Huko Juneau, Alaska, mji uliobanwa kati ya milima na maji, shirika la Alaska Airlines lilianza mwaka 1996 kutua kwa kuongozwa na satelaiti kwenye njia iliyochorwa kwa usahihi ndani ya bonde, bila mitambo ya redio iliyosimikwa ardhini. Jimbo hilohilo limetapakaa kamera za hali ya hewa, na rubani aliyeko mbali anaangalia picha ya kiwanja kabla hajawasha injini. Nchi yenye viwanja vingi vidogo kama yetu ingefaidika na vyote viwili, na kamera ni rahisi kuliko kitu chochote kingine kwenye kiwanja cha ndege ukiacha kifuko cha upepo.

Lakini kamera haimwondolei rubani uamuzi. Uamuzi unategemea pia mambo yanayotokea ofisini. Kabla ya kuondoka lazima awe na mafuta ya kufika, ya kwenda kiwanja mbadala na akiba ya nusu saa au zaidi juu yake. Meneja anayenung'unikia uzito wa mafuta hayo ameshaingiza mkono kwenye usukani. Mashirika makini yana kanuni iliyoandikwa: rubani akighairi kutua, haulizwi kwa nini kwa nia ya kumlaumu, wala hadaiwi gharama. Shirika lisilo na kanuni hiyo liiandike, litie sahihi, libandike kwenye chumba cha marubani.

Abiria nasi tuna sehemu yetu. Ndege ikighairi kutua Bukoba ikarudi Mwanza, siku imeharibika: mgonjwa hajaonwa, harusi imeanza bila wewe, mzigo umelala. Una haki ya kukasirika. Nenda kaunta, uliza habari za chakula, pa kulala na tiketi ya safari inayofuata, na usiondoke mpaka upewe jibu. Rubani mwache apite.